Nyumbani wanajua nasoma sheria

BARUA

Shikamoo mama.

Naomba usitaje jina langu wala la chuo changu. Nina miaka 24, niko mwaka wa tatu, muhula wa mwisho, katika chuo kikuu kimoja hapa Dodoma. Nasomea uandishi wa habari. Nyumbani wanajua nasoma sheria.

Kwetu ni kijijini, wilaya ya Kongwa, si mbali na Kibaigwa. Baba alifariki nikiwa kidato cha pili, na tangu hapo kaka yangu mkubwa ndiye aliyebeba nyumba. Analima, na msimu wa mahindi anashinda soko la Kibaigwa akishona na kupakia magunia. Ule uzi wa nailoni umemchora vidole mpaka havinyooki vizuri. Mimi ni wa kwanza kwetu kufika chuo kikuu.

Nilimaliza kidato cha sita mchepuo wa HKL. Wakati wa kuomba chuo niliweka sheria ya kwanza kwa ajili ya kaka, na ya pili nikaweka uandishi wa habari kwa ajili yangu. Shuleni mimi ndiye niliyekuwa nasoma taarifa ya habari mstarini, na usiku wake silali, narudia kusoma kimoyomoyo. Sheria sikupata. Habari nikapata.

Siku majina yalipotoka kaka alinipigia akiwa sokoni. Nasikia malori yanarudi nyuma, watu wanapiga kelele. Akaniuliza, "Umechaguliwa?" Nikasema nimechaguliwa. "Sheria?" Kabla sijajibu nikamsikia anawageukia wenzake: "Mdogo wangu anakwenda kuwa wakili!" Watu wakashangilia, mmoja akapiga mluzi. Akarudi kwenye simu, nikasema, "Eeh, kaka."

Ni neno hilo tu. Sikuwahi kukaa chini nikapanga kudanganya. Lakini tangu siku hiyo kila likizo naulizwa habari za mahakamani, na mimi nazijibu. Mkopo wa bodi ulikuja pungufu, kaka anaongeza laki nne kila muhula. Mwaka jana aliuza ng'ombe. Pale sokoni jina langu ni "Wakili", hata watu ambao hawajawahi kuniona wananiita hivyo.

Mwaka wa pili nilikwenda field kwenye redio moja. Mhariri aliniachia nitafute stori yangu, nikasema nataka kufanya lumbesa, yale magunia yanayojazwa kupita kipimo. Nilirudi Kibaigwa kimyakimya siku ambayo nilijua kaka yuko shambani. Niliongea na wakulima, na madalali, na mama mmoja aliyeleta magunia kumi akaondoka analia kwa sababu kwa kipimo cha pale yalihesabiwa manane. Kipindi kilirushwa dakika saba. Jina langu mtangazaji hakulitaja, maana wanafunzi wa field hatutajwi, na kwa mara ya kwanza nilimshukuru Mungu kwa hilo.

Siku mbili baadaye mama akanipigia. Akaniambia, "Juzi redioni kulikuwa na binti anaongelea lumbesa, sauti yake kama yako kabisa. Kaka yako aliongeza redio, akawanyamazisha watoto. Akasema angalau leo kuna mtu amelisema." Halafu akanyamaza kidogo, akaniuliza kama nakula vizuri. Krismasi nilipokwenda nyumbani akaniuliza tena, tukiwa tunachambua mlenda, "Hivi huko kwenye sheria mnafundishwa na mambo ya redio?" Nikacheka, nikachukua ndoo nikaenda kuteka maji.

Sasa yamenifika shingoni. Kuna shamba la baba, ekari sita. Baba mdogo analilima tangu mwaka uliofuata msiba na sasa anasema aliachiwa. Baraza la kata wameshindwa kuwapatanisha, shauri linatakiwa kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Wiki mbili zilizopita kaka aliteremka stendi ya Nanenane, akachukua bodaboda mpaka hosteli. Alikuwa na mfuko wa karanga kutoka kwa mama na bahasha ya kaki iliyofungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Ndani kuna karatasi za baraza la kata na karatasi ya kijiji ya mwaka 1998 yenye dole gumba la baba. Hakutaka kumpa dereva wa basi amlete. Akaniambia, "Nimesubiri miaka mitatu nikukabidhi hii." Hata maji hakunywa, akawahi gari la kurudi. Mwezi ujao anataka niwe nimeandika maombi.

Bahasha ipo chini ya godoro langu. Rafiki ninayekaa naye anasema nivumilie mpaka mahafali, nikishika cheti mkononi atanielewa. Kuna kijana wa mwaka wa tatu sheria amesema ataniandikia maombi kwa elfu hamsini, nimpelekee kaka kama kazi yangu. Usiku mwingine nawaza niache kila kitu niombe sheria upya, ili lile "eeh" liwe kweli. Na kinachonitia uchungu zaidi, waliomaliza kabla yetu naonana nao mjini wanazunguka kutoka mkutano mmoja hadi mwingine, wanalipwa kwa stori, wengine wanaishi kwa bahasha za hela wanazopewa na wanaowaalika. Je, nimeidanganya familia yangu kwa ajili ya kazi isiyolipa?

Darasani tunaambiwa mwandishi kazi yake ni ukweli. Nikilisikia neno hilo naangalia chini.

Binti wa Kongwa

MAJIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimekaa nayo siku tatu. Nilipofika pale pa ule mpira wa baiskeli niliiweka mezani nikatoka nje kidogo. Nimekuwa dada mkubwa, nimelipa ada za wadogo zangu wawili, na najua mtu anavyofunga karatasi za marehemu baba yake anapokwenda kumkabidhi mtu anayemwamini.

Nianze na hiyo bahasha, kwa sababu ina tarehe, na mengine yote hayana.

Wewe umeyafunga mambo mawili pamoja: shauri la shamba na siri yako. Yafungue. Hata kama lile "eeh" lingekuwa kweli, hata kama leo ungekuwa mwaka wa tatu wa sheria, usingeweza kusimama mbele ya baraza kama wakili wa kaka yako. Mtu anamaliza shahada ya sheria, anakwenda Shule ya Sheria Dar es Salaam, anafaulu, ndipo anaapishwa na Jaji Mkuu. Kabla ya hapo, kuandika nyaraka za shauri kwa malipo ni kosa, na watu wanaofanya hivyo wewe na mimi tunajua wanaitwaje. Ni vishoka. Huyo kijana wa elfu hamsini huenda ni mtoto mzuri tu anayetafuta hela ya kula, lakini anakuingiza wewe, yeye na kaka yako mahali pabaya.

Nilimpigia wakili mmoja ninayemfahamu, nikamweleza habari yako bila kutaja mtu wala kijiji. Swali lake la kwanza halikuwa juu ya ile karatasi ya 1998. Aliuliza, "Msimamizi wa mirathi ni nani?" Nikamwambia sijui. Akasema kama shamba ni la marehemu na hakuna aliyeteuliwa na mahakama kusimamia mirathi, kaka anaweza kufungua shauri na likatupwa kabla hata baba mdogo hajafungua mdomo, kwa sababu hana mamlaka ya kudai kwa niaba ya marehemu. Kwa hiyo safari huenda inaanzia Mahakama ya Mwanzo, si baraza la wilaya. Akaongeza jambo la pili: madai ya kurudishiwa ardhi yana ukomo wa miaka 12. Baba yako alifariki ukiwa kidato cha pili. Hesabu mwenyewe, utaona muda upo ila si wa kuuchezea.

Umeona hatari ilipo? Nyie mngeandika maombi mazuri, Kiswahili safi, muhuri na kila kitu, na ekari sita zikapotea kwa swali ambalo hakuna aliyekumbuka kuliuliza.

Msaada halali upo na si lazima uwe wa gharama. Tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na kwa sheria hiyo kuna taasisi na wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa wanaohudumia wasio na uwezo bure. Ulizia ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri yenu, watakuelekeza aliye karibu. Vyuo vinavyofundisha sheria mara nyingi huwa na dawati la msaada linalosimamiwa na walimu, na wewe upo mjini, unaweza kwenda na miguu yako. Hilo unaweza kulifanya wiki hii, kabla hujaungama lolote kwa mtu yeyote. Nimelitanguliza kwa sababu mtu mwenye hofu huwa anangoja ajisikie tayari, na baraza halimngoji mtu.

Sasa tuje kwako.

Unaniuliza mambo matatu: useme sasa au usubiri mahafali, uache uanze sheria upya au la, na kama kazi uliyoichagua inastahili yote haya. Lakini chini ya hayo naona kuna wazo moja umelibeba bila kulichunguza, kwamba unamdai kaka yako shahada ya sheria. Samahani, nimekosea, kwamba wewe ndiye unadaiwa. Naliacha kosa hili lilivyo, maana nilipoliandika ndipo nilipojiuliza: kwani kaka yako anadai nini hasa?

Nikueleze nilivyoona upande wa anayelipa. Mdogo wangu wa kiume alipoacha chuo cha ualimu bila kuniambia, niliumia, lakini si kwa sababu ya ualimu. Niliumia kwa sababu kwa miezi minane nilikuwa nawaambia watu kanisani kwamba yuko chuo. Nilikuwa nasema uongo kwa kinywa changu, mbele za watu ninaowaheshimu, na mtu pekee aliyejua kuwa nadanganya alikuwa yeye. Hela niliisahau mapema. Kile kinywa changu kilinichukua muda.

Kaka yako kila siku anasimama pale sokoni anasema "Wakili wetu". Pengine anachokudai si shahada. Pengine anakudai umwachishe kusema jambo lisilo kweli bila yeye kujua. Nasema pengine, kwa sababu mimi simjui, wewe unamjua.

Na kuna mtu mwingine nataka tumwangalie, mama yako. Umeandika kwamba nyumbani "wanajua" unasoma sheria. Nimesoma tena sehemu ile ya simu. Mama amekusikia redioni. Amekwambia sauti ni kama yako kabisa. Amekueleza kaka alivyofanya, alivyowanyamazisha watoto, neno kwa neno, kama mtu anayempelekea mwenzake salamu zake. Kisha akakuuliza kama unakula. Miezi kadhaa baadaye akarudia, mkiwa wawili, mikono ikiwa kwenye mlenda, wakati ambao wanawake wa kwetu huwa wanaulizana mambo mazito bila kutazamana usoni. Mzazi aliyekunyonyesha anaijua sauti yako ukiwa na mafua, ukiwa na njaa, ukiwa unadanganya. Sina hakika, na usichukue neno langu kama ushahidi. Lakini ukiniuliza mimi, huyo mama amekufungulia mlango mara mbili, na mara zote mbili wewe umekwenda kuteka maji.

Kama ni hivyo, basi hauko peke yako ndani ya siri hii kama unavyofikiri.

Tuchukue ushauri wa rafiki yako, wa kungoja mahafali. Naelewa unavyomvutia mtu. Ada imekwisha kulipwa, cheti kipo, hakuna wa kukurudisha nyuma. Lakini jaribu kuiona siku yenyewe. Kaka atakodi Noah. Atakuja na mama, shangazi, na wale wa sokoni waliochanga mafuta. Watavaa vizuri. Na pale uwanjani jina lako litaitwa pamoja na jina la shahada yako, kwa kipaza sauti. Ukimwambia usiku wa kuamkia siku hiyo, umempa usiku mmoja wa kumeza jambo la miaka mitatu na asubuhi atabasamu kwenye picha. Wapo waliofanya hivyo na familia zao zikacheka baadaye. Wapo pia ambao hiyo picha haijawahi kutundikwa ukutani.

Kusema sasa nako kuna hatari, sitaki nikufiche. Anaweza kukasirika akasitisha ile laki nne. Umebakiza muhula huu tu, kwa hiyo kabla hujasema jua umebakiza kiasi gani, na uliza chuoni kama wanaruhusu kulipa kidogokidogo. Anaweza kukaa kimya, na wanaume waliolea wakiwa vijana wana ukimya mzito kuliko matusi. Anaweza kuona ulimwonea aibu, kwamba ulimdanganya kwa sababu yeye ni wa magunia na asingeelewa. Hilo ndilo ninaloliogopa zaidi, kwa hiyo uwe na jibu lake moyoni. Kwani ulimdanganya kwa sababu gani? Ukisoma barua yako taratibu, hukumdharau. Ulisikia watu wanamshangilia, na pengine hukuwahi kumsikia akishangiliwa kabla ya siku ile, ukashindwa kumnyang'anya. Mwambie hivyo hivyo.

Nani aambiwe kwanza, hilo nalo ni lako. Ungeweza kuanza na mama, halafu yeye akakaa kati yenu kama ilivyo desturi, maana mambo ya ndani mara nyingi hupita kwa mama kabla hayajamfikia kaka. Faida yake ni kwamba hautakuwa peke yako siku hiyo. Hasara yake ni kwamba kaka anaweza kujiona wa mwisho kujua, na aliyelipa kuwa wa mwisho kujua ni kidonda kingine. Kwa simu nisingependa, lakini wapo wanaosema vizuri kwa simu kuliko uso kwa uso. Wewe ni mtu wa sauti, si haba.

Habari ya kuanza sheria upya. Ninaomba uitenganishe na lile "eeh". Ukitaka kuwa mwanasheria kwa sababu mambo ya ardhi yamekugusa, hilo ni jambo jema na umri haujapita. Lakini hesabu yake uijue. Kubadili kozi hufanyika mwanzoni kabisa mwa masomo, wewe umechelewa, kwa hiyo ungeomba upya kama mtu mpya. Shahada ni miaka mitatu au minne kutegemea chuo, kisha Shule ya Sheria. Na ule mkopo uliokwisha kuutumia haufutiki kwa kuacha kozi, unabaki deni. Ukiajiriwa, Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara, uwe umemaliza au hukumaliza. Wapo waandishi waliomaliza habari kwanza, wakafanya kazi, wakasoma sheria baadaye kwa fedha yao, na wakawa waandishi wazuri sana wa habari za mahakamani. Hiyo ni njia tofauti na ya mtu anayetupa miaka mitatu ili neno moja la simu ligeuke kuwa kweli.

Sasa swali lako lenye uchungu, kama kazi inalipa.

Sitakuambia inalipa. Umeonana nao mwenyewe. Dodoma hii, tangu Serikali ihamie na mji kupandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2018, mikutano na waandishi ni mingi kuliko zamani, na kipindi cha bajeti, Aprili hadi Juni, mji unajaa vitambulisho shingoni. Lakini mikutano mingi haina maana ya ajira nyingi. Vyombo vingi vinamlipa mtu kwa stori iliyotoka, hakuna mkataba, hakuna bima, nauli juu yako. Hapo ndipo ile bahasha ya mikutanoni inapopata nguvu, maana aliyekualika anakulipa kabla ya aliyekutuma. Nimesikia watu wakiwalaumu vijana kwa kuipokea bila kuuliza walikula nini asubuhi. Nami siipendi, kwa sababu nimeona stori zikifa ndani yake, lakini nataka uingie kwenye kazi hii ukijua bei ya kuikataa na ukiwa umejipanga kwa namna gani utaimudu.

Upande wa pili ni huu. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 imetaka mwandishi awe na ithibati na elimu ya fani, na watu wengi wenye uzoefu walilazimika kurudi darasani ukubwani. Wewe utatoka na shahada. Halmashauri zina maofisa habari, redio za jamii zinahitaji watu wanaojua kilimo na lugha ya wakulima, mashirika yanahitaji watu wa kuandika. Ukitaka kuanzisha chombo chako cha habari mtandaoni kuna leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwa hiyo usije ukaanza kienyeji. Hakuna hata moja kati ya hayo lililo rahisi. Nayataja ili ujue kuna milango zaidi ya ule wa kuzunguka mikutanoni.

Kaka anaweza pia kukuuliza kuhusu hatari. Watu wa kanda yetu wanalikumbuka jina la Daudi Mwangosi, mwandishi aliyeuawa akiwa kazini kijijini Nyololo, Iringa, Septemba 2012. Akikuuliza, usimcheke wala usimwambie mambo yamebadilika kana kwamba una hakika. Msikilize. Mtu anayekuogopea bado yuko upande wako.

Na kabla sijamaliza, nataka turudi Kibaigwa kidogo. Sheria ya vipimo inaikataza lumbesa, na bado gunia likijaa linaongezewa kichwa juu, linashonwa, na mkulima analipwa kama gunia moja. Anayeshona ni nani? Ni kaka yako na wenzake, kwa uzi ule ule uliomchora vidole, kwa amri ya mwenye hela. Mkulima anayepunjwa ni nani? Akibadilisha shati tu, ni yeye yule. Wewe ulitumia dakika saba ukalisema jambo ambalo yeye analishona kila siku na hana pa kulisemea. Na yeye, bila kujua ni nani, akaongeza redio.

Wewe umeandika barua nzima ukihofia kwamba siku atakapojua unasoma nini atakuwa amepoteza kitu. Inawezekana. Lakini jiulize pia kama hujamficha kitu ambacho angependa kuwa nacho. Hicho kipindi unacho? Kipo kwenye simu yako? Siku utakayokwenda, ukiamua kwenda, sijui utaanza na maneno gani na sitakuchagulia. Wengine huanza kwa kupiga magoti, wengine huanza kwa kulia. Wewe una dakika saba.

Ile bahasha itoe chini ya godoro kwanza, iweke mahali pakavu. Piga picha kila karatasi, hasa ile ya 1998, wino wa dole gumba hufifia. Kisha niandikie uniambie mama alisemaje, kama utakuwa umeongea naye.